Mzigo wa Frasila Mbili: Njia za Buha na Kambi za Kibo

Mto Ruchugi unateremka kutoka nyanda za juu za Kasulu kuelekea kusini, mpaka Uvinza unakokutana na Malagarasi. Jirani na makutano hayo zimo chemchemi za maji ya chumvi, na uchimbuzi wa John Sutton na Andrew Roberts katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu walichemsha chumvi pale tangu karne ya 5 au ya 6. Kila kiangazi walishuka watu wa Buha, wa Burundi na wa Unyamwezi, wakajenga vibanda, wakakaa hapo wakikoka moto, kisha wakarudi makwao na chumvi kichwani. Hakuna aliyewaonyesha njia. Walijua wapi pana maji, wapi pa kulala, na mtu abebe kiasi gani ili kesho yake aweze kuendelea.

Naanzia hapo kwa makusudi. Historia ya safari za miguu za milimani, zile zinazompeleka mtu kambi kwa kambi hadi chini ya kilele, imezoea kuanza na jina la mgeni na tarehe aliyofika juu. Mimi naamini kwa upande wetu wa dunia inapaswa kuanza na ujuzi wa safari yenyewe: kupanga mizigo, kugawa posho, kuchagua kambi, kujua lini pa kusimama. Ujuzi huo ulikuwa umekomaa katika njia za bara muda mrefu kabla mtu yeyote hajafikiria kupanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, na sehemu mojawapo ya njia hizo ilipita Buha.

Richard Burton na John Speke walipoliona Ziwa Tanganyika Februari 1858, walikuwa wamepita Uvinza wakifuata barabara ya misafara iliyokwishapigwa na wafanyabiashara wa pwani na wapagazi wa Kinyamwezi. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilometa 1,200. Mzigo wa kawaida wa nguo au shanga ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32, juu ya kata kichwani au begani. Pembe za ndovu ziliweza kuzidi hapo. Mbele alitangulia kirangozi, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Jioni palijengwa boma la miiba, moto ukawashwa, posho ikagawiwa.

Waha, wenyeji wa Buha, hawakuwa wapagazi wakuu wa barabara hiyo, na haifai kuwavisha sifa isiyo yao. Nafasi yao ilikuwa nyingine. Wao walikuwa wenye nchi. Buha iligawanyika katika tawala kadhaa, zikiwemo Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo na Buyungu upande wa Kakonko, kila moja chini ya mtawala wake, mwami. Nchi ilikuwa na watu, ng'ombe na chakula, na msafara uliotaka kupita ulilipa.

Henry Morton Stanley alilijua hilo Novemba 1871, kwa hesabu ya shajara yake. Alikuwa ametoka Unyanyembe na kuzunguka kwa kusini kukwepa vita vya Mirambo, akavuka Malagarasi, akaingia Buha. Mkubwa mmoja wa mahali anayemwita Mionvu alimdai doti 100 za nguo, wakapatana 75. Hakwenda mbali akadaiwa tena, akaambiwa mbele wako machifu wengine watano. Hapo akapata kiongozi wa kumpitisha nje ya njia, na usiku wa manane msafara ukatoka kijijini kwa makundi madogo. Njiani mwanamke mmoja, mke wa mmoja wa watu wake, akaanza kupiga mayowe kwa hofu; Stanley mwenyewe ameandika kwamba alimpiga mjeledi mpaka akanyamaza. Walivuka Ruchugi, wakapita karibu na majiko ya chumvi, wakaingia Ujiji alikokuwa Livingstone.

Kitabu chake kinaisimulia Buha kama nchi ya wanyang'anyi, na sura hiyo imenakiliwa bila kuulizwa. Lakini mwami aliyetoza ushuru kwa kupita katika nchi yake alikuwa akifanya kazi ya dola. Leo anayetaka kwenda Kibo analipa getini Marangu au Machame kabla hajapiga hatua ya kwanza, na ada hiyo si ndogo. Hakuna mwandishi anayeiita unyang'anyi. Mionvu alikuwa na haki yake. Aliyekwepa kulipa ni mgeni, na gharama ya kukwepa ikaangukia mgongo wa yule mwanamke ambaye jina lake hatukuachiwa.

Sasa twende Kilimanjaro, kwa sababu huko ndiko ujuzi wa barabara ya misafara ulikopandishwa mlimani. Johannes Rebmann aliiona theluji mwaka 1848, na Wazungu kadhaa walijaribu baada yake. Hans Meyer wa Leipzig alikwama kwenye barafu mwaka 1887. Mwaka 1888 alirudi pamoja na Oscar Baumann, wakakamatwa na kutiwa minyororo wakati wa vita vya Abushiri. Alipokuja mara ya tatu, mwaka 1889, akiwa na Ludwig Purtscheller, alikuwa ameelewa kwamba kinachowarudisha watu ni njaa. Wengi waliopanda kabla yake waliishiwa chakula, wakalazimika kushuka chini kabisa na kuanza upya.

Dawa yake ilikuwa kambi. Watu wengi walibaki Marangu kwa Mangi Marealle, kambi nyingine ikawekwa juu ya msitu, na kambi ya juu kwenye uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi, yapata meta 4,300. Wapagazi walipandisha chakula na kuni kila baada ya siku chache. Aliyeishi kambi ya juu na Wazungu wale wawili ni Mwinyi Amani wa Pangani, mtu wa pwani, aliyechota maji, akapika na kulinda vitu peke yake wao wakiwa kwenye barafu, kwa zaidi ya wiki mbili katika baridi ambayo pwani haina mfano wake. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakashindwa kuendelea. Walishuka kambini, wakala, wakapumzika, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni, meta 5,895. Bila kambi ile pasingekuwa na jaribio la pili. Marangu inamkumbuka pia Mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza, naye alienziwa katika maadhimisho ya miaka 100 mwaka 1989. Mwinyi Amani hajapata sherehe kama hiyo, na mimi naona anastahili.

Meyer na Baumann wote wawili walifika baadaye Burundi, ng'ambo tu ya Kibondo: Baumann mwaka 1892, Meyer mwaka 1911, wakiwa na misafara ya aina ileile.

Huko Himalaya mambo yalikwenda kwa mtindo huohuo, wapagazi na kambi zinazopandishwa moja juu ya nyingine, na katika kisa hicho wamo watu waliojifunzia Afrika Mashariki. Percy Wyn-Harris, ofisa wa serikali nchini Kenya, alipanda Batian, kilele cha Mlima Kenya, pamoja na Eric Shipton mwaka 1929. Mwaka 1933 wote walikuwa Everest. H. W. Tilman, mkulima wa Kenya, alipanda Kilimanjaro na Mlima Kenya pamoja na Shipton, akaongoza msafara wa Everest mwaka 1938. Mwaka 1950 yeye na Mmarekani Charles Houston walitembea bonde la Khumbu, wakiwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kupita njia ambayo leo maelfu huifuata hadi kambi kuu ya chini ya Everest, meta zipatazo 5,364. Aliyesimama Uhuru, kilele cha Kibo, yuko juu zaidi ya kambi hiyo kwa meta 500 na ushei.

Buha nayo ikaingia katika kutembea kwa namna nyingine. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, misafara ya Ujiji ikafa, na chini ya Waingereza Kasulu na Kibondo zikafanywa ghala la nguvukazi: kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mbali, kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Vijana wakaenda manamba, yaani vibarua wa mkataba. Idara ya Kazi iliyoanzishwa katika miaka ya 1920 ilijenga kambi za mapumziko kando ya njia za vibarua, ili watu wasifie njiani kwa njaa na maradhi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua, na Buha ikawa mojawapo ya maeneo yake makuu, watu wakisafirishwa kwa malori na treni. Kabla ya hapo wengi walikwenda kwa miguu, kambi kwa kambi, wakiwa na chakula kidogo na blanketi. Hizi nazo ni safari ndefu za miguu, na urefu wake unashinda njia yoyote ya mlima ninayoijua. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewapiga picha walipofika.

Mlimani, hifadhi ya taifa iliundwa mwaka 1973 ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Mpagazi wa Kilimanjaro leo hujiita mgumu, na kanuni inasema mzigo wa mgeni usizidi kilo 20. Mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kuwasaidia wapagazi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, unaofuatilia ujira, chakula na mavazi yao. Kilo 20 dhidi ya 32 za msafara: ni hatua, na imechukua zaidi ya karne moja. Kutoka miongoni mwa watembezaji wa mlima huo alitokea Wilfred Moshi, Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest, Mei 2012.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka barabara kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia huko UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kati ya Kwihara na Ujiji hakuna kitu: hakuna Uvinza, hakuna kivuko cha Malagarasi, hakuna mwami hata mmoja wa Buha. Pengo hilo linaweza kuzibwa. Chemchemi za chumvi zipo na zimekwisha kuchunguzwa kitaalamu, Ruchugi unajulikana ulipo, na Heru Juu bado ina wazee wanaosimulia habari za mwami na za manamba. Wazee wa manamba ndio wa kuanza nao, mwaka huu, kwa kinasa sauti na daftari, Kasulu na Kibondo, wangali hai.