Kalibu, Ganda na Mguu: Historia ya Kipimo katika Soko la Toi

Neno kalibu, ambalo katika Kiswahili hutaja chombo kinachokipa kitu umbo kwa kukibana au kukijaza, limetoka katika Kiarabu, na Waarabu nao, kwa maelezo ya wanaisimu wengi, walilipokea kutoka kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa jina la mguu wa mti ambao mshona viatu huuvika ngozi anayoishona. Inaaminika kuwa lugha za Ulaya zilichukua katika Kiarabu hichohicho neno kaliba, yaani kipenyo cha ndani cha mtutu wa bunduki. Udugu huu wa kiatu na bunduki una uzito wa pekee katika Kibera, mtaa wa Nairobi, kwa kuwa mahali hapo palianza kuwa makao ya watu wa bunduki, na leo, ukingoni mwake kuelekea Barabara ya Ngong, ndipo lilipo Soko la Toi, ambalo wateja wake hutoka Kibera, Kawangware na mitaa mingine mingi kutafuta viatu na nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine.

Askari wa Kisudani ambao Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwachukua karibu na Ziwa Albert mwaka 1891 waliingizwa baadaye katika kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, na wale waliomaliza utumishi wao waliruhusiwa kukaa katika msitu walioupa jina la Kibra, ndiyo Kibera ya leo. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Eneo hilo lilimegwa mwaka baada ya mwaka ili kujenga mitaa iliyopangwa, Woodley ukiwa mmojawapo, hata hati ambayo wazao wa askari hao, Wanubi, walikabidhiwa na serikali ya Kenya mwaka 2017 ikawa ya ekari 288 tu.

Bunduki ya kawaida ya askari wa Kiingereza katika zama hizo ilikuwa ya kaliba ya .303, yaani sehemu 303 za elfu moja za inchi, sawa na milimita 7.7. Risasi yake, kama risasi nyingine za bunduki, ilikuwa na ganda la shaba nyeupe, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na ganda hilo lilikuwa na kiwiliwili kipana, bega lililoinama, na shingo nyembamba iliyoshika kichwa cha risasi. Baruti inapowaka ganda hutanuka na kugandamana na kuta za chemba, yaani kile chumba cha nyuma ya mtutu kinachoipokea risasi, na kwa kutanuka huko huizuia gesi isimrudie mpigaji. Moto ukiisha shaba hunywea, lakini hairudi kabisa ilikotoka, hivyo kila ganda lililotumika hubaki na umbo la chemba ya bunduki iliyolifyatua.

Hapo ndipo kalibu inapohitajika. Anayetaka kulijaza ganda upya hulipaka mafuta kidogo, akalisukuma ndani ya kalibu ya chuma kigumu mpaka libanwe kufikia kipimo chake cha awali, ndipo atie fataki mpya, baruti na kichwa. Uchaguzi wa kalibu huamua hatima ya ganda, kwani ile inayobana shingo pekee huichosha shaba kidogo, ingawa ganda lake hufaa hasa kwa bunduki ileile iliyolifyatua, ilhali ile inayobana ganda zima hulifanya liingie katika bunduki yoyote ya aina yake, kwa gharama ya kuifanya shaba iwe ngumu na kuanza kupasuka mapema. Jeshi halikujishughulisha na kazi hiyo ya askari mmoja mmoja. Kwa miongo mingi risasi zake za .303 zilijazwa kodaiti, baruti isiyo na moshi iliyofanywa kwa vijiti virefu mfano wa tambi, na vijiti hivyo viliingizwa kiwandani kabla shingo ya ganda haijabanwa, kwa hiyo ganda lilipewa umbo lake la mwisho likiwa tayari limebeba mzigo wake. Nchini Kenya utengenezaji wa risasi unahitaji leseni kwa sheria, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na ufundi wa kujaza maganda haukupata nafasi ya kuwa kazi ya mtaani.

Kazi ya mtaani ikawa ile ya kalibu kongwe zaidi, ya mti. Soko la Toi lilikua tangu miaka ya 1980, na biashara ya mitumba, jina litokanalo na mtumba, yaani robota la nguo, ilipanuka kwa kasi vikwazo vya uagizaji vilipolegezwa katika miaka ya 1990, wakati uleule viwanda vya nguo vya nchini vilipokuwa vikidhoofika. Soko liliteketea katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, likajengwa tena, na mwaka 2020 uagizaji wa mitumba ulisimamishwa kwa miezi kadhaa kwa hofu ya korona. Masimulizi ya biashara hii huwataja mno waagizaji, na wauzaji wanaochagua kamera, yaani nguo bora za robota, na kuitupa chini fagia, yaani masalio. Fundi wa kurekebisha hutajwa kwa nadra, na huo ni upungufu mkubwa, kwa maana bila yeye sehemu kubwa ya robota isingemfaa mtu.

Kiatu cha mtumba kina tabia ya ganda, kwa kuwa kimetanuka pale mguu wa kwanza ulipokisukuma, na ngozi yake imekunjika pale vidole vile vilipokunjika. Fundi hukilowesha, akakishindilia kalibu ya mti na kukiacha kikauke, au, kikiwa kipana kupita kiasi, hukipunguza nafasi kwa soli ya ndani, akaishona upya soli ya nje kwa shazia na uzi mnene. Namba iliyopigwa ndani haimtoshi, maana hatua moja ya Kiingereza ni theluthi ya inchi, urefu uliohesabiwa zamani kwa punje ya shayiri, hatua moja ya Ulaya bara ni theluthi mbili za sentimita, na namba za Marekani zina mwanzo wao tofauti. Kwa sababu hiyo jicho na mguu wa mteja hutangulia namba.

Katika nguo bega ndilo lililo gumu kuliko yote, kwani koti lililopungua kiunoni kwa mishono miwili halipungui begani mpaka mikono ing'olewe, tundu likatwe upya na mikono irudishwe, kazi ambayo fundi mwangalifu huikataa ikiwa kitambaa hakistahili. Suruali ni nyepesi zaidi. Hufunguliwa nyuma kiunoni, ikabanwa, ikashonwa kwa cherehani, na urefu ukapandishwa kwa pindo. Hapa ndipo nguo inapoachana na ganda, kwani shaba iliyobanwa mara nyingi hupasuka shingoni, na ganda lililopasuka shingo halijazwi tena. Fundi mzuri wa suruali hakati kitambaa kilichozidi, bali hukilaza ndani ya mshono na ndani ya pindo, ili mvaaji akinenepa, au suruali ikienda kwa mdogo wake na kisha kwa mrefu kuliko wote wawili, uzi ufumuliwe na kitambaa kiwepo.