Mbawakawa wa kunde

Mbawakawa wa kunde (Ootheca mutabilis) ni mdudu wa aila ya Chrysomelidae, yaani mbawakawa wala majani, aliyeelezwa na mtaalamu Sahlberg mwaka 1829.

Umbile

Mdudu mpevu ana urefu wa takriban milimita 6, naye ni wa duaradufu, mwenye mgongo ulioinuka na mbawa ngumu zing'aazo kana kwamba zimepakwa mafuta. Ama rangi yake haitegemeki hata kidogo, kwani wako walio wa chungwa, wako wa kahawia, na wako ambao mbawa zao ni nyeusi tititi. Basi atakaye kumtambua kwa yakini na alitazame jani, ambalo mdudu huyu hulitoboa vitundu katikati ya mishipa, na wazidipo wingi huliacha mishipa mitupu.

Maisha na madhara

Jike hutaga udongoni, karibu na shina, na vibuu vyake vyeupe hula mizizi pamoja na vifundo vyake, madhara ambayo aghalabu mkulima hayaoni. Baada ya kugeuka mdudu kamili, husubiri chini ya ardhi kiangazi chote, kisha huibuka mvua za kwanza zilainishapo udongo, saa ileile ambayo mche una majani machache na haustahimili hasara. Zaidi ya hayo hueneza kirusi cha batobato ya kunde. Nduguye, Ootheca bennigseni, ashambuliaye maharage, alipimwa katika utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 1984, ikadhihirika kuwa hupunguza mavuno kwa asilimia 18 hadi 31.

Mtawanyiko

Hupatikana Afrika ya Magharibi, ikiwamo Nijeria, na Afrika ya Mashariki.

Katika viunga vya Dar es Salaam

Huku Chanika, mpakani na Kisarawe, kunde hupandwa kwa ajili ya mboga kabla ya mbegu, na jani lililotoboka halina thamani sokoni. Kulima mara baada ya mavuno, ili wadudu waliojificha wapigwe na jua, na kutorudia kunde mahali pamoja, ni tiba bora kuliko dawa. Na anayelazimika kupulizia, twamsihi asichume mboga kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kutimia, maana majani hayo huliwa na watoto.