Malkia Yupi? Mama, Dada na Mke katika Kiti cha Buganda

Neno letu malkia lina kazi nyingi kuliko tunavyodhani. Elizabeth wa Pili alikuwa malkia, na Camilla naye ni malkia, ingawa wa kwanza alirithi kiti kwa babake na wa pili amekipata kwa kuolewa na mfalme. Tumezoea, hatulalamiki. Lakini chukua neno hilohilo uvuke nalo Ziwa Victoria mpaka Buganda, uone litakavyokwama. Kule kuna Nnamasole, mama wa Kabaka. Kuna Lubuga, dada yake. Kuna na Nnabagereka, mkewe. Wote watatu wameandikwa vitabuni kuwa ni malkia. Sasa malkia hasa ni yupi?

Nimesoma habari za Buganda kwa miaka kadhaa, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: kule, cheo kikubwa cha mwanamke hakikuwa zawadi ya ndoa. Kilikuwa kazi ya ufalme, na aliyekibeba alilipa.

Hebu tuanze na mtoto, maana ndiko mambo yanakoanzia. Muganda wa kawaida hufuata ukoo wa baba. Baba akiwa wa Ngonge, yaani fisi maji, na watoto ni wa Ngonge. Watoto wa Kabaka peke yao hugeuza mambo: wao hufuata ukoo wa mama. Kiti wanakipata kwa baba, ila muziro wao, yule mnyama ambaye ukoo umejizuia kumla, unatoka kwa mama. Muteesa wa Kwanza mamake alikuwa wa Njovu, yaani ndovu. Mwanawe Mwanga alizaliwa na mama wa Ngonge. Muteesa wa Pili, mama wa Nte, yaani ng'ombe. Kabaka wa sasa, Mutebi wa Pili, mama wa Nkima, na hapo msomaji wa Kiswahili ameshamwona kima bila kutafsiriwa.

Utaratibu huu una akili sana. Hakuna ukoo mmoja unaoweza kusema kiti ni chetu milele. Leo Kabaka ni mpwa wa watu hawa, kesho atakuwa mpwa wa wale. Kila ukoo wenye binti katika nyumba ya mfalme ulikuwa na matumaini, na mwenye matumaini hana haraka ya kubomoa nyumba. Ndoa za Kabaka, ambazo wageni waliziona kama anasa tu, zilikuwa pia kamba za kuufunga ufalme pamoja.

Halafu kuna kifungua mimba. Kwa desturi, mwana wa kwanza wa Kabaka, mwenye cheo cha Kiweewa, hakurithi. Aliyetawazwa alichaguliwa miongoni mwa wadogo zake, na wakubwa wa dola walikuwa na sauti katika uchaguzi huo. Mwaka 1888, Mwanga alipopinduliwa, Waislamu na Wakristo waliokuwa wameungana walimweka kitini kaka mkubwa, Kiweewa mwenyewe. Hakufikisha hata miezi mitatu. Waislamu, wakiwa wameshawafukuza Wakristo, walimtaka atahiriwe. Akakataa, akaondolewa, akawekwa nduguye Kalema.

Katika mashindano ya namna hiyo, nani alikuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kutaka mwana fulani ashinde? Mama yake, bila shaka, na ukoo wake nyuma yake. Mwana akitawazwa, mama anakuwa Nnamasole. Anapata kasri lake, ardhi yake, na wakuu wake wenye vyeo vinavyofanana na vya wakuu wa Kabaka. Kasri lake lilijengwa mbali na la mwanawe, kijito kikipita katikati, kwa sababu mafahali wawili hawakai zizi moja, na huyu mama alihesabiwa kuwa fahali. Mwingereza John Hanning Speke alipofika Buganda mwaka 1862 alilazimika kwenda kubisha hodi milango miwili, wa Muteesa na wa mama yake. Na mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda ulipogawa ardhi, Nnamasole alitengewa maili za mraba 16.

Lubuga naye ni dada wa Kabaka kwa baba, na huketi pamoja naye siku ya kutawazwa. Ona basi: siku kubwa kuliko zote, mwanamke anayetawazwa kando ya Kabaka ni dada, si mke.

Na mke? Wake walikuwa wengi, baadhi wakiwa na vyeo vya heshima kama Kaddulubaale na Kabejja. Nnabagereka tunayemfahamu leo, mke mmoja wa pete na kanisa, amepata umbo lake katika enzi ya Ukristo. Irene Drusilla Namaganda aliolewa na Kabaka Daudi Chwa mwaka 1914. Daudi Chwa alipofariki mwaka 1939, mwana wao, Muteesa wa Pili, alirithi akiwa na miaka 15, na Irene akawa Nnamasole.

Hapa ndipo bei ya cheo inapoonekana. Desturi haikumruhusu Nnamasole kuolewa tena. Irene alitaka kuolewa, tena na mtu wa kawaida, na mwaka 1941 akaolewa. Askofu wa Kianglikana aliibariki ndoa hiyo. Katikkiro, yaani waziri mkuu, Martin Luther Nsibirwa, aliiunga mkono. Buganda ikawaka. Irene akapoteza cheo, Nsibirwa akapoteza kazi. Kanisa lilimwona mjane aliye huru kuolewa. Watu walimwona Nnamasole, na Nnamasole si mjane wa mtu. Kwa desturi, hata akifa, ukoo wake humtoa mwanamke mwingine akakalia nafasi ile ile. Ninamwonea huruma Irene, sifichi. Lakini ninaelewa pia kwa nini watu walikasirika: machoni pao, cheo hakikuwa chake peke yake hata aondoke nacho.

Pete ya kanisani nayo haikuamua urithi. Muteesa wa Pili alimwoa Damali Kisosonkole mwaka 1948, akawa Nnabagereka. Ila Mutebi, aliyezaliwa mwaka 1955, ni mwana wa Sarah, ndugu yake Damali. Ufalme ulifutwa na katiba ya mwaka 1967, na uliporudishwa mwaka 1993, ni Mutebi aliyetawazwa kule Buddo, tarehe 31 Julai. Miaka sita baadaye alifunga ndoa na Sylvia Nagginda, na Buganda ikapata Nnabagereka tena. Tazama mpangilio: Kabaka alikaa kitini miaka yote hiyo bila Nnabagereka, na hakuna aliyesema ufalme haujakamilika.

Kwa hiyo siku nyingine ukikutana na maneno "malkia wa Buganda" kitabuni, usiyapite mbio. Uliza kwanza ni mama, ni dada, au ni mke. Jibu litakuambia mengi kuhusu hadithi unayoisoma, na pengine zaidi kuhusu aliyeiandika.