Redio ya kidijitali kwa watoto: Historia yake na funzo kwa Isiolo

REDIO ya kidijitali ya watoto ni kituo kinachotangaza mfululizo kwa watoto wadogo na jamaa zao, tofauti na kipindi cha nusu saa kinachotengewa watoto mwishoni mwa juma. Hewani huwa kuna hadithi, nyimbo, michezo ya maneno na mawaidha kwa wazazi kuhusu malezi, lishe na afya.

Katika mfumo huu, sauti hugeuzwa kuwa tarakimu kabla ya kupeperushwa kupitia minara ya ardhini, setilaiti au intaneti. Faida yake kuu ni nafasi. Katika FM kila kituo huhitaji masafa yake, ilhali katika mfumo wa kidijitali masafa mamoja yaweza kubeba vituo kadhaa. Ndiyo sababu vituo vya watoto, ambavyo huvutia matangazo machache ya biashara, vilipata mahali pa kujishikiza baada ya teknolojia hii kuenea Ulaya. Jijini London, kituo cha Fun Kids kilianza kusikika mwaka 2005. Nchini Australia, shirika la utangazaji la umma, ABC, lina idhaa maalumu kwa watoto wa umri wa chekechea.

Setilaiti ya Afrika

Afrika haikuachwa nyuma. Kampuni ya WorldSpace, iliyoasisiwa mwaka 1990 na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirusha setilaiti ya AfriStar mwezi Oktoba 1998. Ilikusudiwa kuwafikishia sauti safi watu walio mbali na minara ya FM, mradi wawe na redio maalumu yenye antena ndogo iliyoelekezwa angani.

Katikati ya miaka ya 2000, Taasisi ya Elimu ya Kenya (KIE), ambayo tangu mwaka 2013 ni Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), iliitumia setilaiti hiyo kupeperusha vipindi vya shule. Redio za kidijitali zilisambazwa kwa maelfu ya shule nchini.

Hata hivyo, redio hizo zilikuwa ghali kuliko za kawaida na hazikuweza kunasa mawimbi ya setilaiti za kampuni nyingine. Mwezi Oktoba 2008, WorldSpace iliomba ulinzi wa mahakama nchini Marekani baada ya kulemewa na madeni. Huduma hiyo ilipokoma, shule zilibaki na vyombo visivyoweza kuzipa tena masomo hayo.

Redio inayouliza na kusubiri

Mbinu ya kumfunza mtoto mdogo kwa redio ilikuwepo kabla ya teknolojia hiyo. Katika miaka ya 1970, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walifanya majaribio ya kufunza hesabu kwa redio nchini Nicaragua. Mtangazaji huuliza swali, hunyamaza kidogo ili watoto wajibu kwa sauti, kisha hutaja jibu sahihi. Mtoto huimba, huruka, huhesabu vijiti na kuwajibu wahusika wa hadithi kana kwamba wako naye chumbani.

Mapema miaka ya 1980, Kenya ilitumia mbinu hiyo kufunza Kiingereza katika madarasa matatu ya kwanza ya shule za msingi za mashambani. Visiwani Zanzibar, mradi ulioanza mwaka 2006 kwa ufadhili wa Marekani ulileta vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wa chekechea na wa madarasa ya chini. Baadhi yao walikusanyika vijijini chini ya uangalizi wa walezi waliopewa mafunzo, kwa kuwa shule zilikuwa mbali.

Hali ya Isiolo

Mji wa Isiolo uko takriban kilomita 280 kaskazini mwa Nairobi. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, kaunti nzima ilikuwa na wakazi 268,002, waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita mraba 25,000. Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali na Wameru huishi humo, na wengi wao ni wafugaji wanaohama kufuata maji na malisho.

Kwa jamii kama hizi, chekechea huweza kubaki nyuma pindi boma linapohama, lakini redio husafiri pamoja na familia. Aidha, Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la elimu ya chekechea, na mtaala wa umilisi, uliotekelezwa kote nchini kuanzia 2019, unataka mtoto aanze kufunzwa kwa lugha ya eneo lake. Katika kaunti yenye lugha nyingi kama Isiolo, sharti hilo ni gumu kulitimiza kwa mwalimu mmoja darasani. Kituo cha redio chaweza kugawa saa zake kwa Kiborana, Kiturkana, Kisamburu, Kisomali na Kiswahili.

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika mwezi Machi 2020, shule zote zilipofungwa kutokana na janga la korona. KICD ilitegemea redio na televisheni za KBC pamoja na intaneti. Ambako hakuna umeme wala mtandao, redio ndiyo iliyosalia.

Isiolo tayari ina vituo vya FM, vikiwemo Radio Shahidi ya Kanisa Katoliki, Angaaf na Baliti. Si lazima, basi, kungojea mitambo mipya. Vipindi vya watoto vyaweza kurekodiwa kidijitali, vikatangazwa kwa FM, na vikahifadhiwa katika simu au kadi ndogo za kumbukumbu kwa walio nje ya mawimbi. Kwa wasio na umeme, kuna redio zinazotumia jua au kuzungushwa kwa mkono, mfano wa Lifeline iliyobuniwa mwaka 2003 kwa ajili ya watoto.

Funzo la WorldSpace ni kwamba chombo kinachotegemea kampuni moja huzimika pamoja nayo. Kipindi kizuri kilichotungwa kwa lugha ya mtoto hakifi namna hiyo, kwani chaweza kuhamishwa kutoka setilaiti hadi FM, na kutoka FM hadi simu ya mama. Samaki hukunjwa angali mbichi, na miaka ya chekechea haimngoji mtoto hadi mvua inyeshe na boma lirejee karibu na shule.