Nili, Lami na Malale: Safari ya Anilini

Bibi zetu walipokwenda shamba walijifunga kaniki, nguo ya buluu iliyokolea hata ikakaribia weusi. Katika karne ya 19 kaniki ilikuwa vazi la kazi na la wajakazi katika pwani yetu, na wengi wao walipopata uhuru waliivua wakavaa kanga. Rangi ya asili ya nguo hiyo ni nili, si ule mto wa Misri, bali rangi itokayo katika majani ya mmea uliolimwa sana Bara Hindi. Neno lenyewe lilitoka huko huko, Waarabu wakaliita an-nil, na Wareno wakalitamka anil. Tumeanza na neno hili kwa kuwa ndilo lililozaa jina la kitu tunachokusudia kukieleza, yaani anilini.

Mwaka 1826 Mjerumani Otto Unverdorben aliichoma nili katika chombo chake, akakinga mvuke wake, akapata majimaji ya mafuta yasiyo na rangi. Mwaka 1834 mwenzake, Friedlieb Runge, alikipata kitu hicho hicho ndani ya lami ya makaa ya mawe, ambayo ilikuwa taka tu ya viwanda vya gesi. Kisha, mwaka 1856, kijana wa miaka 18 mjini London, William Henry Perkin, alijaribu kutengeneza kwinini kwa kutumia anilini. Kwinini hakuipata, alipata rangi ya zambarau. Hivyo iliyotafutwa ilikuwa dawa ya homa ya nchi za joto, na iliyopatikana ikawa pambo la mabibi wa Ulaya. Viwanda vya rangi vikachipuka, hasa Ujerumani, na baadaye vikatengeneza nili yenyewe pasipo jani hata moja.

Lakini dawa haikusahauliwa. Mganga Paul Ehrlich alizoea kuvipaka vijidudu rangi ili avione kwa darubini, naye aligundua kwamba rangi nyingine hushika kijidudu na kuuacha mwili. Basi, akafikiri, rangi kama hiyo yaweza pia kukiua. Mwaka 1891, yeye na Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria mjini Berlin buluu ya methileni, ambayo ni mojawapo ya jamaa za anilini, nao wakapata nafuu.

Hapa ndipo habari hii inapofika ziwani kwetu. Tangu mwanzo wa karne ya 20 malale ilikuwa ikiwateketeza watu wa Uganda kandokando ya Ziwa Viktoria. Yakisiwa kwamba walikufa zaidi ya watu 200,000, na visiwa vya Sese viliumia kupita kiasi. Mwaka 1906 Robert Koch, mganga mashuhuri aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, alifika Sese akapiga kambi Bugala. Mkononi alikuwa na atoksili, dawa iliyotengenezwa kwa anilini na aseniki. Jina hilo lilikusudiwa kumaanisha "isiyo sumu". Wenye kutunga majina ya dawa wana ujasiri wao!

Wagonjwa walikuja kwa mamia, wengine kwa mitumbwi, wengine wakibebwa. Baada ya sindano vijidudu vilitoweka, na waliokuwa wakisinzia waliinuka wakatembea. Yafaa tukiri kwamba kwa watu waliokwisha kuzika nusu ya jamaa zao, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini vijidudu vilirudi. Koch akaongeza kipimo kutoka nusu gramu hadi gramu nzima, na ndipo watu wapatao ishirini walipopofuka, kwa kuwa dawa ilikuwa imeunguza mishipa ya fahamu ya macho. Koch aliacha kipimo kile, macho hayakurudi.

Sisi hatusemi kwamba alikuja kudhuru. Twasema tu kwamba kipimo cha dawa kilipimwa juu ya miili ya watu wa Sese, na kwamba vitabu vya tiba vimehifadhi jina la mganga na jina la dawa, na wao vimewahifadhi kama hesabu.

Faida ilivuka bahari. Mwaka 1907 Ehrlich na Alfred Bertheim walitambua umbo la kweli la atoksili, na kwa njia hiyo mwaka 1910 ikauzwa dawa ya kaswende, Salvarsan, iliyowaokoa wengi katika miji ya Ulaya. Malale ilisubiri hadi miaka ya 1920, ilipokuja suramini, dawa isiyo na rangi iliyotokana na utafiti wa rangi za nguo. Wakati huo wenyeji wa Sese walikuwa wamekwisha kuhamishwa na serikali ya Waingereza ili kuwaepusha na mbung'o, na migomba yao ilikuwa imemezwa na msitu.