Kwa Nini Jazi Ilikubaliwa na Roki Ikakataliwa? Historia ya Majina ya Muziki Tanzania kwa Mtazamo wa Ruhembe

Ikisiri

Mjadala kuhusu muziki upi unastahili kuitwa roki kwa kawaida hutazama ala, mapigo na asili ya Kimarekani. Makala haya yanadai kwamba nchini Tanzania jina la muziki liliamuliwa zaidi na taasisi iliyoumiliki na mahali ulipochezwa. Kwa kulinganisha maneno *jazi*, *roki* na *dansi* kati ya miaka ya 1930 na 1970, yanaonyesha jinsi neno moja la kigeni lilivyopewa uraia na jingine likanyimwa.

1.0 Utangulizi

Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza rumba, chachacha, roki na twisti, ilhali wachache mno waliweza kucheza gombesugu, mangala, kiduo au lelemama. Hotuba hiyo imejadiliwa mara nyingi kama chimbuko la sera ya utamaduni. Jambo lisilotazamwa sana ni kile ambacho orodha yake haikukitaja. Jazi haimo, ingawa wakati huo Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, na Morogoro Jazz ilikuwa imeanzishwa tangu 1944. Iliwezekanaje neno la Wamarekani Weusi lisihesabiwe miongoni mwa mambo ya kigeni?

2.0 Neno *jazi* na neno *dansi*

Ranger (1975) anaeleza jinsi beni ilivyoenea Afrika Mashariki, pamoja na ushindani wa Marini na Arinoti. Vilabu vya dansi vya mijini vilikua katika mazingira hayo hayo ya ushindani wa vyama. Bendi zilizojiita Jazz hazikudai kupiga muziki wa New Orleans. Nyingi zilipiga rumba yenye asili ya Kuba kwa maneno ya Kiswahili. Kwa hiyo neno *jazi* lilipoteza maana ya aina ya muziki na kupata maana ya aina ya kundi, yaani bendi ya kisasa ya magitaa na ala za kupuliza inayopiga katika ukumbi.

Jina la muziki wenyewe lilikuwa *dansi*, na hapa sarufi inatoa ushahidi. Mtu huenda *dansini* kama anavyokwenda *ngomani*: kiambishi cha mahali *-ni* kinalifanya neno hilo kuwa tukio la kijamii lenye mahali pake. *Roki* haikupata umbo hilo. Ilibaki kuwa kitu cha *kucheza*, yaani hatua za miguu zilizotoka kwenye filamu na sahani za santuri. Ndiyo maana katika hotuba ya 1962 imepangwa pamoja na twisti, waltz na foxtrot.

Hatua ya pili ya kuipa jazi uraia ilikuwa *mtindo*. Kila bendi ilijitambulisha kwa jina lake la uchezaji: Western Jazz kwa Saboso, Vijana Jazz kwa Pambamoto, Super Volcano kwa Masika. Baadaye Msondo na Sikinde yalichukuliwa moja kwa moja kutoka katika ngoma za jadi. Askew (2002) anaonyesha jinsi ngoma, dansi na taarabu zilivyotumika katika kuliigiza taifa. Majina ya mitindo yanathibitisha kwamba mipaka kati ya ngoma na dansi ilivukwa na wanamuziki wenyewe.

3.0 Mtazamo kutoka Ruhembe

Mjadala huu umezoea kuandikwa kutoka Dar es Salaam. Ukitazamwa kutoka Ruhembe, wilayani Kilosa, kusini mwa Mikumi, sura yake inabadilika. Hapo ni eneo la mashamba ya miwa ya Kilombero na vilima vya Wavidunda, palipokusanya vibarua wa makabila mengi. Mji wa Morogoro, makao makuu ya mkoa huo, ulikuwa na bendi mbili mashuhuri: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki 1965, na Morogoro Jazz, iliyokuja kuvuma kwa gitaa la Mbaraka Mwinshehe.

Kuanzia 1964, NUTA ilikuwa chama pekee cha wafanyakazi nchini, na NUTA Jazz ilikuwa bendi yake. Mkata miwa aliyekatwa ada ya chama alikuwa, kwa namna fulani, mmoja wa wamiliki wa bendi aliyoisikia redioni. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Polisi Jazz na Vijana Jazz. Neno *Jazz* lilimfikia likiwa limetanguliwa na jina la taasisi ya umma. Roki haikuwa na mwajiri.

4.0 Uamuzi wa dola

Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mwishoni mwa mwaka huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam (Ivaska 2011). Miezi michache baadaye, Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo 70. Gitaa la umeme lilikuwa lile lile, na ugeni wa jina ulikuwa ule ule. Kilichotofautiana ni nani aliyesimama nyuma yake.

Ulinganisho na majirani unaimarisha hoja hii. Nchini Kenya, Daudi Kabaka aliufanya twisti kuwa wa Kiafrika, hata wimbo wake *Helule Helule* ukarekodiwa upya na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968. Nchini Zambia, vijana wa miaka ya 1970 waliunda *Zamrock*, jina lililounganisha nchi na roki bila aibu. Sunburst, bendi iliyoanzia Dar es Salaam, ilihamia huko Zambia na kutoa albamu ya *Ave Africa* mwaka 1976. Tanzania ilikuwa na wapigaji wa roki; ilichokosa ni neno la kuwahifadhi.

5.0 Hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba hii ni historia ya maneno tu. Hata hivyo, jina ndilo linaloamua nini kinarekodiwa, kinapewa tuzo na kukumbukwa. Ubishi wa leo kuhusu bongo fleva na singeli unarudia swali lile lile. Anayeuliza kama Morogoro Jazz ilikuwa jazi ya kweli, au kama Sunburst inastahili kuitwa roki, anapima kwa kipimo cha mbali. Swali lenye tija zaidi ni nani alikuwa na uwezo wa kutoa jina, na nani alilipia ukumbi. Kwa wanaleksikografia, funzo ni la moja kwa moja: kidahizo *jazi* kinachotaja muziki wa Marekani pekee kinawafuta wanamuziki waliolitumia neno hilo kwa Kiswahili tangu miaka ya 1930, pamoja na wasikilizaji wao wa Ruhembe.