Mahakama ya Thurgood Marshall, New York

Jengo hili la ghorofa 37 lilifunguliwa mwaka 1936 katika uwanja wa Foley Square. Msanifu wake, Cass Gilbert, alifariki mwaka 1934, na mwanawe akaikamilisha kazi. Inua macho uone paa la dhahabu lenye umbo la piramidi.

Tangu 2001 jengo linaitwa kwa jina la Thurgood Marshall, aliyekuwa jaji wa rufani hapa kuanzia 1961 hadi 1965. Marshall alizaliwa Baltimore mwaka 1908, mama yake mwalimu, baba yake mhudumu wa treni. Akiwa wakili, mwaka 1954 alishinda kesi iliyoharamisha kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma. Ushindi huo haukusahauliwa na maseneta wa kusini: walichelewesha kumthibitisha kuwa jaji kwa karibu mwaka mzima. Mwaka 1967 akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kusimama hapa kidogo zaidi. Mwaka 1960, kwa mwaliko wa mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, Marshall alikwenda London kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House. Huko aliandika rasimu ya haki za binadamu, akizilinda pia haki za jamii ndogo, Wazungu na Wahindi wakiwemo. Yeye aliyetetea wachache kwao hakutaka wachache waonewe kwingine. Mwaka 1963 alikwenda Kenya kwenyewe, safari hii akiwa tayari jaji wa mahakama hii.